Mhakiki wa vitabu asipimwe kwa idadi



Nami natoa maoni yangu juu ya jambo linalozungumzwa sana siku hizi miongoni mwa wapenda vitabu, yaani lawama wanazotupiwa wale vijana wanaosoma vitabu na kuvihakiki kwa video katika intaneti. Watazamaji wao wenyewe ndio wanaowalaumu. Wanasema vijana hawa husoma harakaharaka, huruka kurasa, husifu kila wanachopewa, na kwamba idadi ya vitabu wanavyojigamba kuvimaliza haiwezekani kwa binadamu mwenye kazi na familia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kijijini. Ugomvi huu umenigusa mfukoni na umenigusa kazini, kama nitakavyoeleza.

Kwanza ieleweke kwamba jambo hili si mchezo wa watoto. Uhakiki wa vitabu kwa video ulipata nguvu huko Marekani na Uingereza baada ya YouTube kuanza mwaka 2005, hata wahakiki hao wakajipa jina lao, BookTube. Kuanzia mwaka 2020 wakaongezeka wale wa TikTok, wenye video fupi zaidi. Kitabu cha Colleen Hoover kiitwacho It Ends with Us kilitoka mwaka 2016, lakini miaka mitano baadaye ndipo kilipopanda na kuwa miongoni mwa vitabu vilivyouzwa kuliko vyote nchini Marekani, na sababu kubwa ni wasomaji waliokisifu kwa video. Hali kadhalika The Song of Achilles cha Madeline Miller, kilichotoka mwaka 2011, kilirudi katika orodha za vitabu vinavyouzwa sana mwaka 2021. Kijana mmoja na simu yake ya mkononi leo anaweza kufanya kazi ambayo zamani ilifanywa na wahakiki wa magazeti makubwa. Mtu mwenye uwezo huo ni haki aulizwe maswali. Mimi sina ugomvi na wanaouliza. Ugomvi wangu ni juu ya swali wanalouliza.

Swali lao kubwa ni la hesabu. Na kwa kweli si wao walioanza. Tovuti ya Goodreads, ambayo wasomaji wengi hutumia kuandika vitabu walivyosoma, ilianzisha mwaka 2011 utaratibu wa kila msomaji kujiwekea lengo la mwaka: vitabu 50, au 100, au zaidi. Mwaka 2013 wahakiki wa video nao wakaanzisha wiki maalumu ya kusoma, ambayo mshiriki alishawishiwa amalize vitabu saba kwa siku saba. Nia ilikuwa njema, kuhimizana kusoma. Lakini namba ikishatangazwa huwa haikai kimya. Ikifika Desemba mtu aliyebakiza vitabu kumi na viwili hutafuta vitabu vyembamba, mwingine husikiliza vitabu vilivyorekodiwa huku akiongeza kasi ya sauti mara mbili, na wako waliokiri waziwazi kwamba husoma maneno ya mazungumzo tu na kuruka maelezo. Ndipo watazamaji wanapokasirika na kusema huku si kusoma.

Sasa nieleze yaliyonipata. Mwaka jana shule yetu iliuza alizeti ya shamba la shule, na kamati ya shule ikakubali kwamba Sh 72,000 zitumike kununua vitabu vya hadithi kwa ajili ya watoto wa Darasa la Sita wanaobaki jioni kusoma. Kijijini kwetu hakuna duka la vitabu. Mtu hawezi kukishika kitabu, kukifunua katikati na kukinusa kabla hajatoa fedha. Nikanunua bando, nikatazama video za kijana mmoja wa hapa hapa nchini ambaye huhakiki vitabu vya Kiswahili, na ambaye husema kila mwezi humaliza vitabu 12. Akakisifu kitabu kimoja kwa dakika kumi hivi. Akasema kinafaa kwa familia nzima, lugha yake ni tamu, na jalada lake ni zuri. Juu ya jalada alikaa sana. Nikaagiza nakala sita kwa Sh 12,000 kila moja, zikaja kwa basi mpaka mjini na kwa bodaboda mpaka shuleni.

Sura nne za kwanza kweli ni tamu. Kuanzia sura ya tano mambo yanabadilika, na kuna kurasa ambazo mwalimu hawezi kumpa mtoto wa miaka kumi na miwili asome kwa sauti mbele ya wenzake. Kitabu chenyewe si kibaya hata kidogo, ila ni cha watu wazima. Kijana yule hakusema neno hata moja juu ya nusu hiyo ya pili. Naamini hakuifikia.

Nilirudi kwenye video zake nikiwa na hasira, nikakuta wenzangu wamenitangulia. Walikuwa wakimshambulia kwa mwezi mzima. Lakini nilipotazama kwa makini wanamshambulia kwa lipi, nikaona karibu wote wanapigania ile namba 12. Mmoja anasema haiwezekani, mwingine anasema inawezekana, wa tatu anadai apewe ratiba ya siku ya huyo kijana, analala saa ngapi na anaamka saa ngapi. Hakuna aliyemwuliza juu ya sura ya tano.

Basi nikachukua karatasi nikafanya hesabu, maana hesabu ndiyo kazi yangu. Mtafiti mmoja wa Ubelgiji, Marc Brysbaert, alichapisha mwaka 2019 majumuisho ya tafiti 190 juu ya mwendo wa kusoma. Aliona kwamba mtu mzima anayesoma kimyakimya kwa Kiingereza husoma kwa wastani maneno 238 kwa dakika akiwa na kitabu cha maarifa, na maneno 260 akiwa na hadithi. Riwaya ya maneno 80,000 itamchukua mtu huyo saa tano na dakika chache. Vitabu 12 vya namna hiyo ni saa 60 hivi kwa mwezi, yaani saa mbili kwa siku. Kumbe namba inayogombaniwa inawezekana kabisa! Wako watu wanaokaa saa mbili kila siku wakitazama mpira au wakicheza bao, na hakuna anayewadai ratiba. Hata mtu atakayesema anasoma vitabu 30 kwa mwezi atahitaji saa tano kwa siku, na kwa yule ambaye hiyo ndiyo kazi inayomlisha, saa tano si ajabu. Tena riwaya zetu nyingi za Kiswahili hazifiki urefu huo. Mimi mwenyewe nilijipima kwa saa ya ukutani na riwaya ya kurasa 180, nikaona ninasoma kama kurasa 25 kwa saa. Si hodari sana, lakini ningeimaliza kwa jioni nne.

Kwa hiyo wanaodai kumwumbua mhakiki kwa kuhesabu saa zake wanapoteza nguvu bure. Anaweza kuwa na saa za kutosha na bado asisome, na anaweza kusoma vitabu viwili tu kwa mwaka na bado asielewe.

Wanaotetea kasi nao wasifurahi mapema. Tamaa ya kusoma upesi ina historia ndefu. Mwaka 1959 mwalimu mmoja wa Marekani, Evelyn Wood, alianzisha mafunzo yaliyoahidi kumwezesha mtu kusoma maelfu ya maneno kwa dakika, na watu wakubwa wakajiandikisha. Hata Jimmy Carter alipokuwa Rais alihudhuria. Mwaka 2016 kundi la wanasaikolojia likiongozwa na Keith Rayner lilipitia ushahidi wote uliokuwapo, likaona kwamba mtu akizidisha kasi kupita mwendo wake wa kawaida, ufahamu hupungua. Ukitaka kupata habari kuu tu unaweza kupitisha macho juujuu, na wakati mwingine hiyo inatosha. Lakini asiyesoma sura ya tano haijui sura ya tano, na mafunzo ya namna yoyote hayawezi kubadili hilo.

Sisi walimu wa madarasa ya chini tunalijua jambo hili kuliko maprofesa. Mwaka 2015 Darasa la Kwanza na la Pili walianza kufundishwa kwa mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Katika kupima kusoma mtoto hupewa kifungu, mwalimu akahesabu maneno anayoyasoma sawasawa kwa dakika moja. Lakini upimaji hauishii hapo, baadaye anaulizwa maswali ya ufahamu. Nilipata kuwa na mtoto mmoja aliyesoma kama mtangazaji wa redio. Kifungu kilihusu mbuzi aliyepotea. Alipomaliza, kabla ya wengine wote, nikamwuliza mbuzi alipatikana wapi. Akanitazama, akasema, "Mwalimu, kwani kulikuwa na mbuzi?" Mwenzake aliyesoma baada yake alikwenda pole pole huku kidole kikifuata mstari, hakumaliza hata kifungu, lakini aliniambia mbuzi yuko wapi na akaongeza kwamba mwenye mbuzi ni mwongo, jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimeliona. Lakini nisije nikaeleweka kwamba polepole ndiyo akili. Mwaka uliofuata nilipata mwingine aliyesoma upesi na kujibu kila swali. Chuoni tulifundishwa usimhukumu mtoto kwa saa, mwulize.

Wazee wetu walipimwa hivyo hivyo. Mwaka 1970 ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, watu wazima waliingia madarasani kwa wingi, na mwaka 1975 ukafanyika mtihani wa taifa zima wenye hatua nne. Aliyehudhuria tu hakuhesabiwa kuwa amefuzu. Aliyetambua herufi alikuwa na hatua yake, na aliyeweza kusoma gazeti akapata habari na kuitumia alikuwa na hatua yake. Nasikitika kwamba zaidi ya miaka 50 baadaye tunabishana kuhusu nani amemaliza vitabu vingapi, kana kwamba tumerudi kuhesabu mahudhurio.

Liko pia swali la kumaliza. Watazamaji wengi huona ni dhambi mhakiki kutomaliza kitabu. Mimi sioni hivyo. Samuel Johnson, yule aliyetunga kamusi mashuhuri ya Kiingereza ya mwaka 1755, hakuficha kwamba hakuwa na desturi ya kusoma kila kitabu mpaka mwisho, na hakuna aliyemwita mjinga. George Orwell naye, mwaka 1946, aliandika makala akimweleza mhakiki wa magazeti aliyechoka, anayeletewa furushi la vitabu visivyohusiana na kutakiwa aseme neno juu ya kila kimoja, naye anafunua huku na huku na kuokoteza sifa zilezile za siku zote. Dawa aliyopendekeza Orwell ni kuviacha vitabu vingi bila kuvihakiki kabisa, na vile vichache vinavyostahili viandikiwe kwa urefu. Hata wakati huo, kabla ya video na kabla ya intaneti, ugonjwa ulikuwa uleule: vitabu vingi na maneno machache. Kosa la kijana wangu si kwamba aliishia sura ya nne. Kosa ni kwamba aliishia sura ya nne akaniambia kitabu kizima kinafaa kwa familia. Angesema, "Ndugu zangu, nimefika hapa, sijui mbele kuna nini," ningempa heshima, na Sh 72,000 zingekuwa salama.

Lawama ya nne, ile ya nakala za bure, naiunga mkono bila masharti. Wachapishaji wa nje wana desturi ya kuwapelekea wahakiki nakala kabla kitabu hakijatoka, wakati mwingine na zawadi ndani ya kifurushi. Marekani ilirekebisha mwongozo wake wa matangazo mwaka 2009 ikasema wazi kwamba anayesifu bidhaa katika intaneti naye anapaswa kutaja kama amelipwa au amepewa bure. Kusema "nilipewa" hakuchukui hata nusu dakika. Anayeona uzito kulisema, basi ana sababu ya kuona uzito.

Lakini, Ndugu Mhariri, nikiwageukia watazamaji wenyewe, nao hawakosi. Mwezi Juni mwaka 2023 mwandishi wa Marekani, Elizabeth Gilbert, alitangaza riwaya yake The Snow Forest, ambayo ilikuwa itoke mwezi Februari mwaka 2024. Kwa kuwa hadithi yenyewe inatokea Siberia, na Urusi ilikuwa vitani na Ukraine, watu kwa mamia wakaipa kitabu hicho nyota moja katika Goodreads, na siku chache baadaye mwandishi akatangaza kwamba anaahirisha kukitoa. Uchungu wa watu wa Ukraine naufahamu, na mwandishi alisema ameusikia. Walikuwa na haki ya kusema hawataki. Lakini nyota ni hukumu ya msomaji, na hapo hapakuwa na msomaji kwa sababu hapakuwa na kitabu. Je, hawa na yule anayehakiki jalada wana tofauti gani? Hata wale waliokuwa wakigombania vitabu 12 vya kijana wangu, sidhani kama watatu kati yao walikuwa wamekisoma kile kitabu. Kama wangekuwa wamekisoma wangejua pa kumbana.

Na hapa sina budi kujisema mwenyewe. Vitabu vilipofika na mambo ya sura ya tano kujulikana, niliitwa mbele ya kamati. Nilikwenda nimejiandaa kueleza habari za yule mhakiki, jinsi alivyotudanganya, na jinsi watu wengi walivyokuwa wakimlalamikia. Mwenyekiti wetu ni mzee wa makamo, mkulima wa alizeti, na alama zake za kalamu huwa fupi. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sawa Mwalimu. Wewe ulipotuambia ni kizuri, ulikuwa umekisoma?"

Sikuwa nimekisoma. Nilisimama mbele ya wazazi waliopalilia shamba lile, nikasifu kitabu kwa maneno ya mtu mwingine ambaye naye hakukimaliza. Nilipaswa kuagiza nakala moja kwanza, niisome, ndipo niagize zile tano. Ingenigharimu wiki moja na nauli ya mara mbili. Nilimjibu, "Hapana, Mzee," nikakaa.

Tangu hapo nimebadili namna ya kuwatazama wahakiki hawa, maana bado nawatazama. Sisi wa vijijini hatuna njia nyingine ya kujua kitabu gani kimetoka. Tangu mwaka 2023 washindi wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu wanatangazwa, nasi tunasikia majina, lakini ni nani atakayetueleza ndani ya vitabu hivyo mna nini, na kinamfaa nani? Magazeti yenyewe, na hili lako likiwamo kama utaniruhusu kusema, hayana nafasi ya kutosha kwa uhakiki. Vijana hawa wanafanya kazi ambayo sisi wengine tumeiacha. Wakikatishwa tamaa kwa kelele za namba, wataacha, na watakaobaki ni wale wanaosifu majalada.

Kwa hiyo nawaomba watazamaji wenzangu wamwulize mhakiki juu ya kitabu. Umefika ukurasa wa ngapi? Nani alikupa? Yule mama wa sura ya tatu alikosea au alikuwa na haki? Mtoto wa umri gani asipewe? Kijana aliyesoma atajibu kwa furaha, maana msomaji wa kweli hupenda kuulizwa, na asiyesoma atajulikana bila kuhesabiwa saa zake za kulala. Yule kijana wangu nilimwandikia swali moja tu juu ya sura ya tano. Alichukua siku tisa kunijibu. Akasema amekwenda kuisoma, akaomba radhi, na akatoa video nyingine akisema kitabu ni cha watu wazima. Ile ya pili ni ndefu zaidi na jalada halitajwi. Watazamaji wake walikuwa wachache kuliko wa ile ya kwanza.

Nakala zile sita ziko katika sanduku langu la vitabu nyumbani. Kimoja nimekisoma mpaka mwisho mara mbili, na nusu ya pili ndiyo bora. Fedha za shule nimekuwa nikizirudisha kidogo kidogo kutoka mshahara wangu, zimebaki Sh 24,000. Mwalimu yeyote wa watu wazima, au wa kidato cha tano na sita, anayeona vinamfaa anaweza kupewa nakala tano kwa bei niliyonunulia. Ila asome kwanza moja, nitamwazima.

Mwalimu wa Kijijini,
Iramba, Singida.